Nafasi arobaini za nani?

Bakamarade, nilitumia miezi mitatu kumaliza kitabu cha mtu ambaye pesa yake iliwasha taa niliyosomea. Siyo mfano, njo ukweli wenyewe. Wakati nilikuwa naandika memwari yangu kule Goma, umeme wa mtaa wetu ulikuwa unatoka Matebe, kwenye mto Rutshuru, na ile santrali ya Matebe ilijengwa kwa pesa ya fondasyo ya Mmarekani anayeitwa Howard G. Buffett. Mimi sikumjua. Nilinunua umeme wangu kwa simu kama kila mtu, nikachaji laptopu, nikalalamika siku laini ilipokatika. Jina lake nililiona mara ya kwanza kwenye bibliografia ya mwenzangu.

Wengi wetu tukisikia Buffett tunafikiria baba, Warren, yule tajiri wa Omaha mwenye kampuni ya Berkshire Hathaway. Mtoto ni mtu mwingine. Howard ni mkulima wa mahindi na soya huko Illinois, mtu wa buti na kamera. Alipita kwenye vyuo kadhaa na hakumaliza hata kimoja, wenye lisansi mnisamehe. Kati ya 2017 na 2018 alikuwa hata sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yake. Fondasyo yake, au wakfu kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania, ilianzishwa 1999, na makao yake yako katika mji wa Decatur. Ilipata nguvu ya kweli mwaka 2006, pale baba alipotangaza kwamba anaanza kugawa hisa zake: sehemu kubwa kwa fondasyo ya Bill na Melinda Gates, na zingine kwa fondasyo nne za familia, moja yenye jina la marehemu mke wake na tatu za watoto wake. Tangu hapo hisa zinashuka kwa fondasyo mwaka kwa mwaka, zinageuzwa pesa, na pesa inakwenda kwenye kazi tatu ambazo Howard alizichagua: chakula, kupunguza vita, na usalama wa raia. Hizo kazi tatu mzishike, nitazirudia.

Naandika hii kwa sababu kwetu juu ya wafadhili kuna aina mbili tu za maandiko: barua ya shukrani na matusi. Barua ya shukrani tunaiandika tukiwa na matumaini ya staji. Matusi tunayaandika staji ikikosekana. Mimi nataka kujaribu kitu cha katikati, kumsoma mfadhili kama tunavyosoma mwandishi: anasema nini, anafanya nini, na wapi maneno na kazi vinaachana.

Kitabu chenyewe kinaitwa 40 Chances, yaani nafasi 40. Kilitoka 2013, alikiandika pamoja na mtoto wake Howard W. Buffett, na dibaji ni ya Warren. Wazo lilimjia kwenye mkutano wa wakulima kwa muuza matrekta. Pale alisikia hesabu moja rahisi: tangu siku baba anakuachia shamba mpaka siku wewe unamwachia mtoto wako, unapata misimu kama 40 hivi. Si mia. Arobaini, na kila mmoja ukipita umepita. Akaichukua ile hesabu akaipeleka kwenye kazi ya kutoa pesa: na mimi niko na nafasi zinazohesabika, kwa hiyo lazima nijaribu mambo magumu, nikosee, nirekebishe, niendelee. Kitabu kina hadithi 40, na mwandishi haogopi kusimulia miradi iliyokufa baada ya pesa kuisha. Kwa hilo namheshimu. Nimesoma raporo nyingi za ONG kwa ajili ya memwari yangu, na sijaona hata moja inayosema kwa mdomo wake: hapa tulishindwa, na kosa ni letu.

Lakini nilipofika kwenye ile hesabu nilisimama. Nikaanza kucheka peke yangu, mwenzangu wa chumba akauliza niko na nini.

Hesabu yake ni ya Illinois. Kule baridi inafunga shamba. Unapanda wakati wa masika yao, Aprili ama Mei, unavuna Septemba, Oktoba, na mwaka wa shamba umekwisha. Kwetu Kivu kila mtoto wa mkulima anajua msimu A na msimu B. A tunapanda Septemba, maharagi yanatoka mwisho wa mwaka. B tunapanda Februari ama Machi, tunavuna Juni. Kwa udongo wa volkano wa Rutshuru, udongo mweusi ule, miaka 40 siyo nafasi 40. Ni 80. Kwa hesabu ya bwana Buffett, mama yangu mkubwa wa Kiwanja alipaswa kuwa tajiri mara mbili kuliko yeye.

Kwa nini sivyo? Hapo njo iko swali langu lote, na kitabu hakilijibu kwa sababu hesabu yake ina kitu imekisahau. Mkulima wa Illinois akipoteza msimu, kuna asiransi ya mazao ambayo serikali yake inamsaidia kulipia. Msimu ukiharibika ni wake, na hasara nayo inagawanywa na nchi nzima. Kwa hiyo anaweza kusema kwa utulivu: nilijaribu, nikakosea, nikajifunza. Kwa mkulima wa Kiwanja kosa mara nyingi siyo lake, na wala hakuna mtu wa kugawana naye hasara. Falsafa ya kujaribu na kukosea ni nzuri kama makosa yanarudi kwa yule aliyejaribu. Kama yanarudi kwa mwingine, lazima tuulize maswali mengine.

Kabla sijayauliza, niwe mwenye haki. Matebe ni kazi kubwa, na mtu wa Goma anayekataa hilo hakuwahi kusoma kwa buji.

Mnajua historia. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa 1925, ndiyo ya kwanza kabisa barani Afrika, UNESCO iliiandika kama urithi wa dunia 1979, na 1994 ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mji wa zaidi ya watu milioni moja uko miguuni pake na unapika kwa makala. Makala inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka mule mule ndani ya hifadhi, na njiani makundi ya silaha yanakula juu ya kila gunia. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka hii yote. Mkurugenzi mwenyewe, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi Aprili 2014 kwenye barabara ya Goma kwenda Rumangabo, akapona kwa bahati. Sasa katika hali ile, nani angekopesha pesa ya kujenga santrali Rutshuru? Benki inataka garanti. Serikali yetu, tusiseme. Mashirika makubwa ya dunia yanahitaji etidi juu ya etidi, na etidi ikimalizika, kundi jipya la silaha limezaliwa, lazima waanze upya.

Familia moja yenye pesa yake inaweza kufanya kitu ambacho hao wote hawawezi: kuamua leo na kumwaga betoni kesho. M23 ya kwanza ilitoka Rutshuru mwishoni mwa 2013. Desemba 2015 Matebe ilizinduliwa, megawati zaidi ya 13. Miaka miwili! Mimi natoka nchi ambako daraja la mbao linachukua miaka miwili. Baada ya hapo laini ikafika Goma. Niliona kwa macho vinu vya unga vikiacha mazutu, niliona wasudere wakifanya kazi saa tatu za usiku, niliona kina mama wa mgahawa wakinunua frigo. Wanafunzi tulikuwa tunajua ni sekretaria gani iko kwenye laini ya Virunga, kwa sababu pale hawakuambii urudi kesho kuprinti.

Basi nguvu ya fondasyo ya familia ni hiyo: haihitaji ruhusa ya mtu. Na udhaifu wake ni huohuo. Sijasema ni vitu viwili vinavyopingana. Ni kitu kimoja, ukikigeuza.

Angalia Matebe tena. Santrali ile iko mikononi mwa Virunga Foundation, shirika lililoandikishwa Uingereza, ambalo linasimamia hifadhi pamoja na ICCN yetu kwa mkataba. Mimi nilikuwa mteja. Sikuwahi kuulizwa kitu, zaidi ya namba ya mita. SNEL ni mbaya, kila mtu anajua ni mbaya, lakini SNEL nina waziri wa kumtukana na mbunge wa kumsumbua mpaka aulize swali kule Kinshasa. Kwa umeme wa Matebe namtukana nani? Wafanyakazi wa ofisi ya Goma ni wenzetu, wengine tulisoma nao, hawakuamua chochote. Januari 2025 vita ilipofika Goma, laini ilikatika, na maji yakakatika pia, kwa sababu pampu zinategemea umeme. Tulichota maji ya ziwa. Simlaumu Buffett kwa vita ile. Nasema tu kwamba siku ile ndipo niligundua kwamba mishipa ya mji wangu inapita mahali ambapo sisi raia hatuna hata kiti cha plastiki cha kukalia kwenye mkutano.

Sasa turudi kwenye zile kazi tatu.

Ukivuka mpaka kwa Grande Barrière, lile jengo zuri la upande wa Gisenyi lilijengwa kwa pesa ya fondasyo hiihii. Wengi wenu mmelipanga mstari bila kujua. Endelea mbele, ndani ya Rwanda. Kule Nasho, wilaya ya Kirehe, fondasyo iliweka mitambo mikubwa ya kumwagilia, ile inayozunguka shambani kama mshale wa saa, kwa ajili ya wakulima wadogo. Kule Bugesera ilijenga chuo kizima cha kilimo, RICA, kilichofungua mlango 2019, na mashamba yake, na ng'ombe wake, na majengo ya udongo na mbao ambayo watu wa usanifu wanakuja kuyapiga picha. Mwaka 2015 Howard alitangaza nia ya kuweka dola milioni 500 katika kilimo cha Rwanda.

Upande wetu pesa ileile imefanya nini zaidi? Turbini, walinzi, hifadhi, amani. Si kwamba hakuna hata kidogo cha kilimo, kiko. Lakini uzito uko wapi, hilo linaonekana. Katika daftari la Decatur, Rwanda iko kwenye safu ya chakula na sisi tuko kwenye safu ya vita. Udongo ni uleule, volkano ni zilezile, maharagi ni yaleyale, hata majina ya mbegu tunaazimana. Mpaka ukivukwa, mkulima anageuka kuwa "jamii iliyoathirika na migogoro".

Najua jibu, na ni jibu lenye akili: Rwanda kuna serikali inayofanya kazi, pesa ikiwekwa inaonekana. Mkulima mzuri anapanda mahali ambapo mbegu itaota. Sawa. Ila kuna shida moja. Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika raporo yao kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23. Kigali ilikataa. Novemba 20 mwaka ule M23 iliingia Goma. Mimi nilikuwa mtoto wa sekondari, nilikaa chini ya kitanda. Nchi kadhaa za wafadhili zilisimamisha sehemu ya msaada wao kwa Rwanda. Na Februari 2013, Howard Buffett pamoja na Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, waliandika makala katika jarida la Marekani Foreign Policy. Kichwa chake kilikuwa kuomba dunia isimame na Rwanda. Hoja yao: kukata msaada ni kosa, kunaumiza maskini wa Rwanda na hakuleti amani Congo.

Niliisoma makala ile zaidi ya mara tano, nikitafuta mahali pa kuitetea, kwa sababu mtu aliyenipa taa nilitaka kumtetea. Sehemu ya hoja ina uzito kweli. Mama wa Kirehe hakumtuma askari yeyote Rutshuru, kwa nini yeye alipe? Na ni kweli vita vyetu vina mizizi mingi, mingine tumeipanda wenyewe, Kinshasa na hata vijijini kwetu. Lakini hoja ile ingeandikwa na mtu wa kawaida ingekuwa maoni tu. Ilipoandikwa na mtu mwenye pesa upande wa chakula kwa jirani na pesa upande wa vita kwetu, ilikuwa kitu kingine. Alikuwa mfadhili wa amani yetu na, wakati uleule, wakili wa serikali iliyotajwa katika raporo juu ya vita yetu. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Naamini aliipenda Rwanda kwa moyo safi, kama mkulima anavyopenda shamba linalozaa. Ninachosema ni kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja wa kwetu, kwenye meza yoyote, mwenye haki ya kumwambia: mzee, hapo subiri kidogo.

Kwa serikali mambo ni tofauti. Bunge la Uingereza liliweza kumhoji waziri wake juu ya msaada kwa Rwanda, na walimhoji. Fondasyo ya familia inahojiwa na nani? Na familia.

Tena katika familia yenyewe kuna aliyeliona. Mdogo wake Howard, Peter, mwanamuziki, naye ana fondasyo yake ya pesa ileile ya baba. Julai 2013, miezi michache tu baada ya makala ya Rwanda, Peter aliandika katika New York Times maneno makali juu ya biashara nzima ya matajiri kutoa. Alisema kwamba watu wasioijua sehemu fulani, na yeye akijitia ndani, wanafika na dawa kutoka mahali pengine. Alisema pia kwamba kutoa kunaweza kuwa njia ya kusafisha dhamiri bila kugusa mfumo unaozaa umaskini. Sijui kama ndugu wawili walijadiliana mezani siku ya sikukuu yao. Ningelipa kusikiliza.

Kuna mtu atasema: lakini fondasyo ya Marekani haifichi, kila kitu kiko wazi. Ni kweli, na wachache wetu tunalijua, kwa hiyo nilieleze. Sheria ya Marekani inaipa fondasyo binafsi faida za kodi. Tajiri akitoa hisa zilizopanda bei, halipi kodi ya ile faida. Kwa kubadilishana, fondasyo lazima itoe kila mwaka kama asilimia 5 ya mali yake, na ijaze fomu inayoitwa 990-PF, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma: nani alipewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Nimezisoma. Kwa mwanafunzi wa maendeleo ni shule tosha, fanyeni hivyo kabla ya kuandika memwari zenu.

Lakini tazama fomu ile inaandikiwa nani. Inaandikiwa mtoza kodi wa Marekani, kwa sababu mlipa kodi wa Marekani amesamehe kitu. Yeye ana haki ya kuuliza. Mkulima wa Rutshuru, ambaye mto wake unazungusha turbini, hana fomu. Hakuna raporo inayosomwa Kiwanja kwa Kiswahili chini ya mti, ikisema: mwaka huu tuliingiza hiki, tulikosea hapa. Kitu kama hicho hakigharimu hata bei ya gari moja la hifadhi. Kama ningepewa dakika moja na Howard Buffett singemwomba pesa, ningemwomba raporo hiyo. Mtu aliyeandika kitabu kizima cha makosa yake hawezi kuogopa kuyasema mbele ya watu waliyoyabeba.

Tangu 2022 sehemu kubwa ya nguvu ya fondasyo imekwenda Ukraine, mamia ya mamilioni ya dola, na Howard mwenyewe anakwenda kule mara kwa mara. Watu wa Ukraine wanastahili, sina neno. Ila sisi tuliopanga maisha juu ya neno "mfadhili" tujifunze jinsi upepo unavyogeuka: mtu mmoja ameguswa moyo na vita nyingine, na hakuna kura iliyopigwa.

Na hapa nije kwetu, kwa sababu ni rahisi kukosoa Decatur ukiwa umekaa Himbi. Sisi wenyewe tumejifunza kuishi ndani ya safu za watu. Nilipoanza memwari, somo langu lilikuwa jinsi ya kuhifadhi maharagi yasiliwe na fukusi, kwa sababu niliona kwetu nusu ya gunia inageuka unga kabla ya Machi. Mwalimu mmoja, mtu mwema, aliniambia kwa upole: kijana, hilo halina mfadhili, andika juu ya umeme na amani. Niliandika juu ya umeme na amani. Nilipata distinksyo. Fukusi bado wanakula. Ninao marafiki wanne waliosoma agronomia. Watatu wanaandika proje za kutatua migogoro, wa nne anauza yunite za simu. Katika mikutano yetu mtu akileta wazo, swali la kwanza siyo "ni kweli?" wala "itasaidia nani?". Swali ni "nani atafinansia?". Tunaanza kwa aksi za mfadhili, halafu tunatafuta tatizo la kwetu linaloweza kuingia mle, tukilikata miguu kama halitoshi. Hilo Buffett hakutulazimisha. Fondasyo yake haikuniomba barua, na sikuituma.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mama mkubwa, Kiwanja. Nilitaka kufanya naye ile hesabu ya kitabu. Alianza kulima shamba lake mwenyewe 1989, alipoolewa. Mpaka 2025 ni miaka 36, misimu 72. Nikamwambia tutoe ile alikimbia.

"Unahesabu nini tena, papa?"

Nikamweleza. Akacheka, halafu akaanza. Mwisho wa 1996, msimu A, maharagi shambani. Oktoba 2008, msimu A tena. "Ile tulikimbia iko inatoa maua," alisema, na akanyamaza kidogo, kwa sababu Novemba ile Kiwanja walikufa watu wengi na yeye aliwajua. Mwaka 2012 walikuja Julai, B ilikuwa imekwisha kuvunwa. "Hao walikuta kwa magunia, hawakuchoka kuvuna." Oktoba 2022, msimu A mara nyingine. Kisha misimu aliyolima na hakuvuna, aliyovuna na kulipishwa njiani, aliyorudi akakuta mtu mwingine ndani ya shamba. Niliandika kwenye karatasi, yeye alihesabu kwa vidole vyake na vya mjukuu aliyekuwa karibu. Vidole vilikwisha. Tukaacha.

Nilikuwa nimemwambia kwamba aliyeandika kitabu naye ni mkulima, na ndiye aliyetoa pesa ya ile santrali iliyo juu ya mto. Matebe anaijua, nguzo zinapita karibu na kwake. Taa bado hana. Kabla yunite hazijakatika aliniuliza kitu kimoja tu juu yake.

"Na yeye, shamba lake, mara ngapi alikimbia akaliacha?"